Mzigo wa Kutuliza Baiskeli

Sijui alizaliwa wapi wala ukoo wake ni upi, na kwa miaka yote tuliyojuana sikuwahi kuuliza. Mtaani kwetu Nakuru alikuwa Mzee wa Maziwa, basi. Alishuka kutoka Dundori kila asubuhi na mitungi miwili nyuma ya baiskeli, akagonga mageti kwa mfuniko wa mtungi, na watoto walipokuwa wakielekea shule yeye alikuwa ameshamaliza mtaa. Halafu ikafika Januari ya mwaka wa 2008 na ghasia za uchaguzi zilizoikumba nchi, na yeye akaacha kuja. Kwa miezi mingi baada ya hapo nilitaka kujua jambo moja tu: kama bado alituhesabu kuwa watu wake.

Alivaa koti zito la kaki na kofia ya sufu hata jua likiwaka vipi. Baiskeli yake ilikuwa Black Mamba, ile nyeusi ya chuma inayoweza kubeba gunia la viazi pamoja na mwenye viazi. Kwenye usukani alikuwa amefunga redio ndogo kwa kamba ya mpira. Redio hiyo aliipenda sana, lakini mwaka ule wa kampeni kila mwanasiasa alipoanza kuongea aliizima. "Hawa watagandisha maziwa yangu," alisema. Ungedhani ni mtu asiyejali siasa, kumbe alimjua kila mgombea hadi wa udiwani, na chama alichohama, na aliyemshawishi kuhama.

Akishakupimia maziwa yako aliongeza tone kubwa juu yake. "Hii ni ya paka," alisema. Nilipohamia mtaa ule nilimwambia sina paka. "Atakuja," akajibu, kisha akafunga mtungi. Na kweli mwezi haukuisha kabla sijampata paka wa kijivu amelala jikoni, asiyejulikana ametoka wapi. Nyumba zote zilipata ya paka, hata ile ya mama mmoja wa geti la kijani aliyewachukia paka kupita kiasi na kumwambia hivyo kila siku.

Yeye mwenyewe hakunywa maziwa. Nikimkaribisha chai alitaka strungi, ile kavu isiyo na maziwa, yenye sukari ya kutosha watu watatu. Aliinywa akiwa amesimama, maana alisema akiketi magoti yatajua kwamba kazi imeisha. Dakika hiyo hiyo alikuwa akinihubiria kwamba walimu tunaharakisha maisha, eti hatujui kukaa chini. Nilimwonyesha kiti. Hakukiona.

Sasa, habari ya baiskeli. Mwaka wa 2007 nilikuwa nikifundisha darasa la nne. Mwalimu wetu wa michezo, Odhiambo, alikuwa amesikia kwamba Naivasha kutakuwa na mashindano ya triathlon, na kwamba timu ya watu watatu inaruhusiwa: mmoja aogelee, wa pili aendeshe baiskeli, wa tatu akimbie. Farida wa hesabu alikuwa ameogelea tangu utotoni katika klabu ya familia zao, kwa hivyo maji yakawa yake. Odhiambo akajipa mbio. Wakati wanagawana mimi nilikuwa nje nikiwaachanisha wavulana wawili waliokuwa wakipigana. Niliporudi nilikuta nimeachiwa baiskeli.

"Kila mtu anajua baiskeli, Madam," Odhiambo alisema.

Mimi sikujua. Kwetu baiskeli zilikuwa za kaka zangu, na sisi wasichana tulipakiwa nyuma, miguu yote miwili upande mmoja. Lakini nilikuwa nimecheka pamoja na wenzangu kana kwamba najua, na sasa niliona aibu kukana. Mtu pekee niliyemwambia ukweli ni Mzee wa Maziwa, kwa sababu alikuwa amesimama getini na mimi nilikuwa sijalala vizuri.

Aliacha kumimina. "Kwani mnakimbia nani?"

"Hatukimbii mtu, mzee. Ni mchezo."

"Na huyo wa maji atapanda baiskeli na nguo mbichi hivyo?"

"Yeye akitoka kwa maji ananigusa mkono, halafu mimi ndio naenda."

Alifikiri. "Basi Jumamosi nikimaliza mtaa, tupatane kwa field ya shule. Na usikuje na hiyo sketi."

Nilinunua mjini baiskeli ya mitumba, ya magurudumu manene, na nilijivunia rangi yake nyekundu. Hakuitazama rangi. Alipapasa nyuma ya kiti, akaona hakuna keria, ile fremu ya chuma ya kufungia mizigo, akanirudisha moja kwa moja kwa fundi wa kuchomelea. Hakunifundisha lolote hadi keria ilipowekwa. Kisha akajaza mtungi mmoja maji ya bomba la shule, akaufunga pale nyuma kwa kamba za mpira, akavuta hadi kamba zikalia.

"Baiskeli tupu iko na wazimu," alinieleza. "Haijui inaenda wapi. Ukiipatia mzigo inatulia."

Hii haikuwa nadharia ya kunifurahisha mimi. Maisha yake yote alikuwa ameendesha baiskeli iliyobeba kitu. Maziwa yakiisha alijaza mtungi mmoja maji pale pale mtaani ili aweze kurudi, na mahali mlima wa Dundori unapoanzia alishuka, akayamwaga barabarani, akasukuma. Watu walimwona kila siku akimwaga maji masafi chini, na wengine waliamini ni tambiko. Nilipomuuliza alishangaa kwamba hilo linahitaji kuulizwa.

Nilianguka mara nyingi. Kila nilipoanguka aliokota mtungi kwanza. "Wewe utapona," alisema, "lakini mtungi ukibonyea haurudi." Alinifundisha kusimamisha baiskeli kwa kukandamiza tairi la nyuma na soli ya kiatu, maana breki zake zilikuwa zimekufa zamani, na mimi kwa utiifu nikaharibu viatu viwili vizuri huku breki zangu mpya zikiniangalia. Alinikataza kupiga kengele kwa sababu kengele inashtua ng'ombe. Uwanjani hapakuwa na ng'ombe hata mmoja.

"Usiangalie hiyo shimo," alipiga kelele kutoka ng'ambo ya uwanja. "Ukiiangalia utaingia."

Niliiangalia. Niliingia.

Kisha ikaja Jumamosi moja ambapo nilizunguka uwanja wote, kutoka mlingoti wa goli hadi mlingoti wa goli na kurudi, bila kuanguka. Nilipofika aliposimama alikuwa amevua ile kofia ya sufu. Sikuwa nimewahi kukiona kichwa chake. Kilikuwa na nywele nyeupe, laini kama za mtoto, na alikuwa ameishika kofia kifuani kama mtu aliye kanisani. "Madam," alisema, "Madam," na hakuendelea. Nasema wazi kwamba nilimpenda kuanzia siku ile, vile ungempenda baba kama ungepewa nafasi ya kujichagulia.

Mashindano yalikuwa Jumapili. Yeye hakuja kwa sababu ng'ombe hawajui Jumapili, lakini alinifungia mtungi Jumamosi na kunikanya nisimwachie mtu mwingine aufungue. Kule Naivasha waogeleaji waliwekwa kwenye bwawa la hoteli, kwa kuwa ziwani kuna viboko, na baiskeli zilipangwa kando yake kwenye nyasi. Zilikuwa nyembamba na nyepesi, na wenyewe walikuwa wakizifuta kwa vitambaa. Yangu ilikuwa na mtungi wa maziwa.

Kijana mwenye filimbi alikuja akasimama mbele yangu. "Madam, hii ni nini?"

"Ni mtungi."

"Naona ni mtungi. Ni ya nini?"

"Ni maji. Ni ya kutuliza baiskeli."

Alikwenda kumwita mwenzake. Walizunguka baiskeli yangu, wakanong'onezana, na mwishowe wakakubaliana kwamba hakuna sheria inayomkataza mtu kubeba maji. Odhiambo alikuwa ameshika kichwa. "Madam, nakuomba kama dada yangu. Toa hiyo kitu." Nilikubali kujaribu. Tuliufungua mtungi, nikapanda, na baiskeli ikayumba kulia, ikayumba kushoto, ikanitupa juu ya mkoba wa Farida. Ndipo nilipogundua jambo ambalo mimi na mwalimu wangu hatukuwa tumelifikiria hata siku moja: sikuwahi kuendesha baiskeli tupu. Odhiambo akaurudisha mtungi mwenyewe.

Farida aliogelea vizuri sana. Alitoka majini akiwa kati ya wa kwanza, akakimbia miguu mitupu, akanigusa mkono kwa vidole vya baridi, nami nikaondoka. Kwa muda mfupi tulikuwa mbele ya watu wengi. Kisha wakanipita mmoja mmoja, kila mmoja akigeuza shingo kuutazama mtungi.

Barabara ilifuata ziwa hadi Kamere, ambako wafanyakazi wa mashamba ya maua walikuwa wamepumzika na kujipanga kando ya lami kutazama. Wapanda baiskeli wengine walipigiwa makofi. Mimi niliitwa.

"Mathe! Maziwa ni how much?"

"Ni fresh ama ni mala ya kuganda?"

Mama mmoja alianza kukimbia kando yangu na jagi mkononi, leso ikimdondoka. Nilikuwa sina pumzi, lakini sikutaka akimbie bure. "Ni maji!" nikasema kwa sauti. "Ndani ni maji!"

Umati wote uliangua kicheko. "Angalau huyu anakubali," mwanamume mmoja alisema. "Wale wetu wa maziwa wanaapa hawajaweka."

Mbele ya Kamere kulikuwa na mlima. Si mkubwa, gari halingeuhisi, lakini mimi niliuhisi tangu ukiwa mbali. Miguu ilianza kutetemeka, na chini kabisa pale unapoanzia nikasimama. Nilijua nikiendelea na mtungi sitaupanda, na nikiuacha sitaweza kuendesha. Odhiambo alikuwa akinisubiri kule mwisho, na Farida alikuwa ameogelea kwa nguvu zake zote. Nililia kidogo. Kisha nikafanya nilivyowahi kusikia kwamba hufanywa mahali mlima unapoanzia: nikafungua kifuniko nikayamwaga maji yote barabarani.

Nilisukuma baiskeli hadi juu. Huko juu nikapanda, na mtungi mtupu ukigongagonga nyuma yangu. Baiskeli ikayumba vile vile kama asubuhi. Mbele yangu kulikuwa na shimo, nikalinyima macho. Kuyumba kukapungua, kisha kukaisha, na nikateremka kwenda kugeuza na kurudi kupitia Kamere nikiwa mwepesi hadi nikaogopa. Baiskeli tupu haikuwa na wazimu wowote. Mzee wangu alikuwa amekosea maisha yake yote, na nikiwa katikati ya furaha ile nilimwonea huruma, kwa safari zote hizo alizobeba maji bure.

Tulikuwa timu ya mwisho. Odhiambo alinipokea akiwa amebaki peke yake kwenye mstari, akakimbia kama mtu anayefukuzwa, na hakunilaumu hata kidogo. Jumatatu asubuhi mfuniko uligonga geti. Mzee wa Maziwa hakuuliza tulikuwa wa ngapi.

"Ilitulia?" aliuliza.

"Ilitulia, mzee."

Uso wake ulichanua, na siku hiyo ya paka ilikaribia kuwa nusu lita. Sikumweleza zaidi, na hadi leo naona nilifanya vyema.

Uchaguzi ukaja Desemba, na baada yake moshi. Sina haja ya kueleza kila kitu, tuliokuwepo tunajua. Asubuhi moja ya Januari vijana wa mtaa wetu, wale wanaokaa pale kona, waliziba barabara kwa mawe na matairi. Sisi tulikuwa ndani tumefunga milango, na sikudhani kuna mtu angeshuka kutoka popote siku kama hiyo. Yeye alishuka. Mama wa geti la kijani aliona kupitia dirishani. Walimsimamisha, wakamuuliza maswali kwa lugha yao ili wamsikie anavyojibu. Kisha wakamwaga maziwa, wakaitupa Black Mamba kwenye moto, redio na yote, wakamwambia arudi alikotoka. Walikuwa vijana wanaomjua, waliokunywa maziwa yake tangu wakiwa na meno ya utotoni. Alirudi Dundori kwa miguu.

Hatukumwona tena. Utulivu uliporejea watu walianza kununua maziwa ya pakiti, na wengine walisema amekufa. Vijana walirudi kona yao na hawakuongea habari hiyo. Paka wangu alisubiri getini kila asubuhi, akaacha. Likizo ya Agosti nilishindwa kuvumilia, nikachukua baiskeli yangu nyekundu nikaelekea Dundori, nusu nikiendesha, nusu nikisukuma.

Nilipofika madukani nikamwambia mama wa kibanda, "Namtafuta Mzee wa Maziwa."

Aliniangalia kwa huruma. "Madam, hapa sisi wote ni wa maziwa. Jina lake ni nani?"

Sikuwa na jina. Aibu ilinichoma. Nilimweleza koti, nikamweleza redio, akatikisa kichwa tu. "Ni yule," nikasema mwishowe, "anayeongeza kidogo, anasema ni ya paka."

"Ah, huyo," akacheka. "Pita hapo kwa posho mill, mkono wa kushoto, geti ya mabati."

Nilimkuta akichagua viazi, vikubwa vya kuuza huku na vidogo vya mbegu kule. Alikuwa mzima. Alikuwa amekonda, lakini alikuwa mzima, na nilishukuru Mungu hapo hapo kwa sauti. "Madam," alisema, akafuta mikono kwenye koti kabla ya kunipa. Mke wake alileta chai. Mzee alipokwenda nyuma ya nyumba kunitafutia viazi vya kubeba, mama huyo alinisogelea.

"Tangu Januari hajapita hapo kwa posho mill," alisema chini chini. "Maziwa lori inachukua hapa kwa barabara. Hata siku aliugua, nikamwambia twende hospitali Nakuru, akakataa. Anasema miguu yake imesahau hiyo njia."

Aliporudi nilimpa habari za mtaa, nani amejifungua, nani amehama. Alisikiliza huku akisugua udongo kwenye kiazi kimoja hadi kikang'aa. Mwishowe nikauliza nilichopanda mlima kuuliza. "Mzee, utarudi kwetu?"

"Hapana, Madam."

"Umetukasirikia?"

Aliacha kukisugua kile kiazi. "Nikigonga geti," alisema, "sijui nitakuwa nafikiria nini. Hiyo ndio sitaki. Nilikuwa nagonga bila kufikiria."

 Jua lilipoanza kuinama niliaga, naye akachukua baiskeli yangu kwa usukani na kuisukuma, vile mwenyeji anavyomsindikiza mgeni. Mke wake alibaki getini akitutazama. Tulipofika posho mill, kinu chao cha unga, nilinyoosha mkono. "Nipe sasa, mzee. Umenisindikiza vya kutosha."

Hakunipa. "Hapo mbele kidogo," alisema.

Tukapita posho mill. Tukapita madukani, na yule mama wa kibanda akasimama kututazama. Kila mara niliposema arudi alijibu hapo mbele kidogo, na hatua zake zilikuwa fupi, za mtu anayevuka maji asiyojua kina chake. Hatimaye tulifika kwenye kona ambapo nchi inateremka, na Nakuru yote ikaonekana chini, mabati na moshi wa jikoni, na ziwa kwa mbali. Hapo akasimama. Aliutazama mji kwa muda mrefu, na mimi nilitazama mikono yake kwenye usukani.

"Wasalimie," alisema.

"Nani, mzee?"

Alianza na mama wa geti la kijani. Akaendelea kwa nyumba, geti baada ya geti, kwa mpangilio ule ule aliozoea kupita, bila kuruka hata moja, na alipomaliza mtaa akavuta pumzi. "Na wale vijana wa kona."

Niligeuka kuutazama mji.

"Umesikia, Madam? Hao pia."

"Nimesikia, mzee."

Akanikabidhi baiskeli, akageuka, akaanza kupanda kurudi kwake.

Asubuhi iliyofuata nilianza na kona. Walikuwa wamekaa kwenye mawe yao kama kawaida, wanne, na mmoja akanisalimia, "Niaje, Madam." Niliwaambia nilikuwa Dundori jana, na kwamba Mzee wa Maziwa anawasalimia. Hakuna aliyecheka. Mmoja alivuta kofia ikamfunika macho. Mwingine alichukua kijiti akawa anachora chini, na nilidhani hawatasema kitu, nikageuka kwenda kwenye geti la kwanza.

"Madam," yule wa kijiti aliniita, macho bado yako chini. "Ukirudi huko, mwambie salamu zimefika."